Baba Yangu, Mfalme wa Waltz

Tulipokuwa watoto, baba yetu alikuwa mfalme wa waltz. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akicheza dansi hiyo, lakini tulilijua jambo hilo kama tulivyojua kwamba maji ya mfereji yatakatika siku ya kufua. Baada ya ugali, akishanawa mikono na kuegemea kiti chake, alitusimulia habari za ukumbi wa mtaa enzi zake, alipokuwa kijana aliyetoka kijijini huko magharibi juzijuzi na kupata kazi katika kiwanda cha sabuni. Kila Jumamosi mabwana walivaa suti na tai, mabibi wakavaa magauni yanayojaa upepo wakizunguka, bendi ikapiga, na watu wakaachia nafasi katikati ya sakafu ili yeye apite.

"Nilikuwa kama siagi kwenye kikaango cha moto," alisema. "Miguu yangu haikuonekana ikigusa chini."

Mama alisikiliza huku akitoa vijiwe kwenye maharagwe. Hakutia neno, hakutoa neno. Nilidhani hiyo ndiyo heshima ya mke.

Ajabu ni kwamba harusini baba hakuinuka kitini. Wajukuu walimvuta kwa mikono miwili na bado akakaa. "Huu muziki wenu hauna adabu," aliwaambia. "Hauna mlango. Mtu ataingilia wapi?" Basi tukaamini kwamba mfalme hawezi kucheza nyimbo za ovyo, tukamletea soda.

Ndoa yangu ilipokwisha nilirudi kukaa na wazazi katika mtaa wa Jericho, katika chumba kilekile nilichokulia. Nauza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, kwa hiyo asubuhi naondoka na jioni narudi na vumbi la marobota kichwani. Jumamosi moja nilikuwa natoka sokoni na mama tukakuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ngazi za ghorofa moja ya mtaani kwetu, yenye duka la saruji na misumari chini. Chumba cha juu, ambacho miaka yote kilikuwa stoo ya mabati, sasa kilikuwa shule ya dansi.

Mama alishusha miwani hadi ncha ya pua, akasoma. Waltz kwa wanaoanza, Jumanne na Alhamisi jioni. Cha-cha Jumamosi mchana, vijana na wanaojiona vijana. Tango kwa waliokwisha kuiva. Na mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya chakula cha mchana, dansi ya wazi katika ukumbi wa mtaa. Wote mnakaribishwa, vaeni vizuri.

Alimaliza, akarudia kuanzia juu.

"Mwisho wa mwezi," alisema. "Hiyo ni nzuri."

Akachukua mfuko wake wa viazi akaendelea na safari. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi na akili yangu yote ilikuwa mgongoni.

Kesho yake tulikuwa na wageni baada ya ibada, akina mama watatu wa kanisa na mzee wa kanisa aliye jirani yetu. Chai ilipoanza kushuka vizuri, baba naye akaanza. Ukumbi, suti, bendi, siagi, kikaango. Mama alikuwa anazunguka na birika. Alipofika kwake akamjazia kikombe mpaka ukingoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari inatosha:

"Bahati nzuri, mzee, kuna dansi mwisho wa mwezi palepale ukumbini. Jana jioni nilipita nikamwambia yule mwalimu kijana kwamba tutakuja. Ameomba wewe ndiye ufungue."

Baba alikuwa na kipande cha nduma mdomoni. "Nifungue nini?"

"Dansi. Wewe na mimi tucheze waltz ya kwanza, watu watazame ilivyokuwa zamani."

Akina mama wa kanisa wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama na wao wanaruhusiwa kuja. "Njooni nyote," mama akasema. "Mje na wajukuu." Mzee wa kanisa akaahidi kuleta viti vya ziada. Baba alitabasamu, lakini ile nduma ilikaa shavuni mwake mpaka wageni wakaondoka.

Jumatatu goti lilimvimba. Mama alitazama goti, akatazama na lile jingine, akasema kweli, yote mawili yamevimba sawasawa, akamkanda kwa dawa inayowasha mpaka mgonjwa akapona kwa hiari yake. Jumanne ikawa mgongo. Mama akafungua tena ile dawa, mgongo ukanyooka kabla haijafika. Jumatano baba alitangaza kwamba amesikia paa la ukumbi linavuja. Mama akamjibu kwamba si msimu wa mvua.

Alhamisi, nikiwa nimetandaza mapazia, nilimwona baba yangu akipenya kati ya mikokoteni na marobota, kofia mkononi. Baba haji Gikomba. Anasema pale mtu anaweza kuuziwa shati alilolivaa. Nikadhani kuna msiba.

"Unaweza kutunza siri?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Baba, kuna nini?"

"Mimi sijui."

"Hujui nini?"

Alitazama huku na huku. Wapita njia wote walikuwa na mizigo yao. "Waltz," akanong'ona. "Siijui. Hata kidogo."

"Na zile hadithi?"

"Hadithi ni za kweli," alisema, akaonekana kuumia kidogo kwamba nimezitilia shaka. "Yote yalitokea. Ila hayakunitokea mimi. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilipokea tiketi na kutunza makoti ya watu."

Nilicheka mpaka nikakalia robota. Jirani yangu wa soko akaja kuuliza kama nimepatwa na pumu. Baba alisimama pale akisubiri kwa uvumilivu wa mtu aliyepanga foleni. Nilipojifuta machozi akavaa kofia yake.

"Ukishamaliza, utanipeleka kwa huyo mwalimu. Na mama yako asijue."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kusema uongo, mimi na baba yangu wa miaka sabini na tisa. Tulimwambia mama kwamba rafiki wa zamani wa baba kule Majengo ni mgonjwa na tunakwenda kumjulia hali jioni. Mama alisikitika sana. Alitupatia chupa ya uji wa wimbi tumpelekee, na tukawa kila Jumanne na Alhamisi tunakaa kwenye ngazi za duka la saruji, tunaunywa uji wa mgonjwa haraka haraka kabla ya darasa. Tukirudi nyumbani mama anauliza, "Anaendeleaje?"

"Amepata nafuu," mimi nasema.

"Amezidiwa," baba anasema wakati uleule.

Wiki ya pili mgonjwa wetu aliombewa kanisani. Kutaniko zima lilisimama. Baba aliinamisha kichwa chini sana, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliyekaa nyuma yetu alimpapasa mgongo kumpa pole.

Chumba cha dansi kilikuwa na kioo kirefu ukutani na bado kilinuka mabati. Mwalimu alikuwa kijana wa mtaa huuhuu, shati jeupe limepigwa pasi, kiuno kama cha nyigu. Alikuwa amejifunza kazi hiyo akiwatumbuiza wageni katika hoteli moja mjini.

"Niaje, mzee wangu! Karibu sana. Ushawahi kudansi?"

"Zamani kidogo," baba akasema. Nilimkanyaga. "Zamani sana," akarekebisha.

Shida ya kwanza ilikuwa viatu. Baba alikuja na akala zake za Kariokor, zile za tairi ya lori, na kila alipojaribu kuteleza zilishika sakafu kwa nguvu kama zinafunga breki mlimani. Mguu ulibaki, mwili ukaenda.

"Mzee, hizi zimetengenezwa usianguke," mwalimu alisema. "Hapa tunataka zile zitakazokubali kukuachilia." Baba akacheza kwa soksi siku hiyo.

Shida ya pili ilikuwa mimi. Nilijitokeza niwe mwenzake, akaruka nyuma kana kwamba nimemwonyesha nyoka. "Binti yangu nimshike kiuno? Mbele ya kioo? Kwetu watasema nini?" Nikaona ana haki. Mwalimu akampangia mama mboga anayeuza pale chini ya ghorofa tunayokaa, mwanamke mnene mcheshi ambaye alisema amekuja darasani kwa sababu ya presha. Baba alimshika kwa ncha za vidole.

"Nishike vizuri, mzee," mama mboga akasema. "Mimi si yai."

Nilimvuta pembeni nikamwomba asithubutu kumwambia mama. Aliweka mkono kifuani. "Mimi? Mdomo wangu una kufuli, dada." Mimi kwa urefu wangu nilifanywa mwanamume, nikapewa msichana mmoja wa chuo ambaye aliniomba msamaha kila nilipomkanyaga.

Baba alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na asiye na usukani. Alihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ile aliyokuwa akihesabia makatoni ya sabuni kiwandani, na alikwenda mbele barabara kabisa. Tatizo ni kwamba hakujua kugeuka. Alimsukuma mama mboga mbele yake mpaka ukutani, na wakifika wanasimama pale, mama mboga amebanwa kama pazia, baba anamtazama mwalimu akisubiri amri nyingine.

"Legeza, mzee! Geuka na yeye!"

"Nigeuke niende wapi? Nimetoka huko sasa hivi."

Nyumbani alifanya mazoezi bafuni. Jioni moja nilikuwa sebuleni namsikia akichapa sakafu ya simenti kwa ndara, na mama akapita na taulo, akasimama mlangoni.

"Mzee, unafanya nini humo?"

Ndara ikatulia. Kisha, "Naua mende."

"Wako wangapi?"

"Watatu."

"Mbona unawahesabu tena na tena?"

"Wanatoroka," baba akajibu.

Mama akanitazama. Uso wake ulikuwa mtulivu kama maji ya ndoo. Mimi nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Kwa ajili ya siku yenyewe nilimpatia koti. Lilitoka kwenye robota la jirani yangu wa soko, jeusi, lenye mkia nyuma, la bwana mmoja wa Ulaya ambaye bila shaka alikuwa mrefu kama mlingoti, maana ule mkia ulimfika baba kwenye mashavu ya miguu. Alijizungusha mbele ya kioo akaupenda. Katika soko la Kariokor tulimpata fundi wa kumshonea viatu vyenye soli ya ngozi tupu. Fundi alituonya kwamba hivyo havifai kwa barabara. Baba akamwambia kwamba yeye hana haja na barabara.

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Kanisa letu lilikuja karibu lote, pamoja na wajukuu kama lilivyoagizwa, na mzee wa kanisa akiwa na viti vyake. Mama alivaa gauni lake la buluu la ibada na viatu vyenye kamba ambavyo sikujua anavyo. Baba alikuwa amebadilika rangi, amekuwa kama majivu ya jikoni. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, mama mboga ubavuni mwangu, na nilikuwa nimefumbata mikono nikiomba stima ipotee, muziki uzimike. Stima, ambayo mtaani kwetu hupotea hata mtu akipiga chafya, siku hiyo iliamua kukaa.

"Mabibi na mabwana," mwalimu akatangaza, "wanaofungua dansi ni mzee wetu aliyeijua sakafu hii kabla sisi wote hatujazaliwa!"

Wakaingia katikati. Muziki ukaanza. Baba akainua mkono, mama akaweka wake, na wakawa bado wamesimama. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mguu wa kushoto," mama alisema bila kufungua midomo.

"Huu?"

"Huo ni wa kulia. Huo mwingine. Sasa njoo."

Wakaondoka. Baba alikuja mbele kwa ujasiri wake wote, mkia wa koti ukimfuata, moja kwa moja kuelekea ukutani. Nikafumba macho. Nilipofumbua, ukuta ulikuwa umebaki peke yake. Mama alikuwa amemgeuza. Alimgeuza kama anavyogeuza chapati, kwa ncha ya vidole, bila haraka, na baba akajikuta anaelekea upande mwingine wa ukumbi, macho yamemtoka kwa furaha. Kufika kona, akageuzwa tena. Watu wakaanza kushangilia. Mtu asiyejua angedhani yule bwana mwenye koti anampeleka mkewe kama mashua. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kucheza kiume. Nilitazama mabega, nikatazama mikono, na nikaona kwamba mama yangu, akienda kinyumenyume, ndiye aliyeshika usukani.

"Anaongoza yeye," nilimwambia mama mboga.

"Ulitaka nani aongoze?" Mama mboga alikuwa anacheka mpaka kitambaa chake kinateleza. "Mama yako ndiye aliyenipeleka darasani. Kila nikimuuzia mboga za sukuma wiki ananiuliza mzee amefika wapi. Aliniambia, wewe mfundishe tu kwenda mbele asiogope. Kugeuka uniachie mimi."

"Na kufuli la mdomo wako?"

"Liko. Ufunguo anao yeye."

"Kwa hiyo hata uji..."

"Alijua mnaunywa. Si ndiyo maana alizidisha maziwa? Alisema mzee atahitaji nguvu."

Muziki uliisha, watu wakasimama. Baba aliinama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ndipo mwalimu, ambaye ana macho ya kazi yake, akaja mbele ya mama na kumwomba wimbo mmoja. Mama akamkabidhi baba mkoba wake. Wakacheza dansi ya foxtrot. Nimeishi na mama yangu sehemu kubwa ya maisha yangu. Namjua akiwa na mwiko, akiwa na jembe, akiwa na kitabu cha nyimbo. Sikumjua yule mwanamke. Alipita mbele yetu na yule kijana bila sauti, kichwa kimeinuka, shingo ndefu ghafla, na visigino vyake viligusa sakafu kana kwamba vinaitania. Mwalimu alianza akiwa anatabasamu kwa adabu. Katikati ya wimbo alikuwa anatoka jasho na kujitahidi.

Mzee wa kanisa alimwinamia baba. "Kumbe na mama anajua hivi?"

Baba, mkoba umelala mapajani, hakusita hata kidogo. "Nilimfundisha mimi," akasema.

Jioni nilimkuta mama ameketi jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Baba alikuwa amelala tayari, koti na yote.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Nijue nini?"

"Kwamba hajui kucheza."

"Mwanangu, kila Jumamosi mimi nilimpa koti langu pale mlangoni. Ningekosaje kujua?" Alisugua kisigino. Baba yake, aliyekuja mjini kutoka Murang'a, alikuwa mtu wa kanisa asiyetaka kusikia habari za dansi, mama akaniambia, na kwa hiyo yeye kila wiki aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. "Kwaya yenyewe ilikuwa na bendi," akasema, akacheka peke yake. "Yule kijana wa mlangoni alikuwa analikunja koti langu vizuri kuliko ya wengine. Basi nikaolewa naye, nikajua ataniomba tucheze."

"Hakuomba?"

"Alianza kujiita mfalme. Sasa mfalme utamwambia nini, kwamba njoo nikufundishe? Nikasema atachoka mwenyewe na huo uongo. Hakuchoka. Watoto mkaja, wajukuu wakaja, siagi na kikaango." Alinyoosha miguu, akaitazama ndani ya maji. "Nikaona nikiendelea kungoja nitazikwa na viatu vyangu vikiwa vipya."

Nilimwongezea maji ya moto, akavuta pumzi, akaniambia nisimwage chini.

Siku hizi kuna tangazo jipya mlangoni. Waltz ya wanaoanza, Alhamisi, inafundishwa na mama yangu, na akina mama wa kanisa wamejaa hadi kwenye ngazi; wanasema ni mazoezi ya magoti. Mimi nimehamia cha-cha ya Jumamosi, kundi la wanaojiona vijana. Mwezi ujao kuna dansi nyingine, ya kuchangia rangi ya ukumbi. Na baba amejiandikisha tango, hadharani, kwa sababu waltz, anasema, ni ya wanafunzi.

Juzi nilipita kuwatazama. Walikuwa katikati ya chumba, wameshikana shavu kwa shavu, na muziki umekwisha kuanza, lakini hawaendi popote.

"Katika tango mwanamume ndiye anayeongoza," baba alikuwa anasema. "Mwalimu amesema."

"Sijakataa," mama akajibu. "Ongoza."

Baba akafikiri. Mwalimu alikuwa ameegemea kioo, mikono kifuani, anangoja. Wanafunzi wengine waliwazunguka wakapita. Baba alisogeza mguu mmoja, akaurudisha, akajaribu ule mwingine, na mama, amefumba macho, akawa ametulia tuli mikononi mwake, hamsaidii hata kidogo.